Ukiinua Gari, Usisahau Propela

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi methali hiyo nilikuwa nikiiandika tu katika insha ili nipate alama. Nilikuja kuisadiki siku nilipokuwa nimelala chali juu ya gunia, chini ya gari la baba, grisi ikinidondokea usoni. Katika makala haya ninakusudia kuwaeleza juu ya kifaa kimoja cha gari ambacho wengi wetu hatukijui hata kwa jina, hadi siku kinapokatika. Kifaa chenyewe ni kiungo cha propela, ambacho mafundi wetu hukiita krosi. Nitaeleza kazi yake, sababu ya kuharibika upesi gari linapoinuliwa, na namna ya kuitibu shida hiyo bila kumwaga pesa.

Najua kuna watakaouliza, "Sasa mambo ya gereji yanahusu nini Chama cha Kiswahili?" Yanatuhusu sana. Wengi wetu tunaotoka sehemu za mbali husafiri kwa magari yaliyoinuliwa. Tena vijana wenzangu wengi wana ndoto ya kumiliki gari refu, hasa wanapoona picha za mashindano ya Rhino Charge. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1989 ili kuchangisha fedha za kuuzungushia ua msitu wa Aberdare, na ua huo wa kilomita 400 hivi ulikamilika mwaka wa 2009. Washindani hutakiwa kufikia vituo 13 kwa muda wa saa 10 wakipita njia fupi iwezekanavyo, iwe ni kwenye mawe au makorongo. Magari yao yanavutia, nakubali. Lakini ukiiga urefu wake bila kujua kilichobadilishwa chini yake, utakiona cha mtema kuni kama tulivyokiona sisi.

MKASA WENYEWE

Baba ana pikapu moja kuukuu ambayo injini yake inaweza kuzungusha magurudumu yote manne. Hubeba unga, sukari na sabuni kutoka Maralal hadi Baragoi, na karo yangu hutoka humo humo. Njia ile ina mawe si haba, na difu ya nyuma, yaani lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli, ilikuwa ikigongwa kila safari.

Mwishoni mwa mwaka wa 2022 baba alilipeleka gari kwa fundi mmoja akamwomba aliinue. Fundi akaongeza majani kwenye kamani, akaweka tairi kubwa zaidi, kisha akabadilisha shako. Shako ni vile vyuma viwili vifupi vinavyoushika mwisho wa kamani na kuuning'iniza kwenye chesisi. Aliondoa zile fupi akatia ndefu. Tukipima kati ya ekseli na chesisi, gari lilikuwa limepanda sentimita 10. Lo! Tulilizunguka kama bibi harusi.

Furaha hiyo haikudumu. Gari lilianza kutetemeka mara tu lilipopata mwendo. Januari 2023 krosi ya nyuma ilikatika. Ikawekwa mpya, nayo ikakatika Februari. Fundi akasema, "Mzee, hizi krosi za siku hizi ni feki. Tutie propela nzito yenye krosi kubwa, umalize hii maneno." Baba akakubali, akalipa.

Machi, gari likiwa na magunia na abiria watano, lilikuwa likipanda mlima lilipotoa kishindo kikubwa. Krosi ile kubwa ilikuwa imara kama alivyoahidi fundi. Kilichopasuka safari hii ni flanji ya difu iliyokuwa imeishikilia. Propela ikaanguka upande mmoja huku ingali inazunguka, ikapigapiga kila kitu kule chini, na ikaikata paipu ya breki za nyuma. Gari likaanza kurudi kinyumenyume. Baba akabana breki za mbele zilizobaki na kulielekeza gari kwenye ukingo, utingo akaruka chini akatupa jiwe nyuma ya tairi. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini karo ya muhula wa pili ilikwenda na flanji ile. Baadhi yenu mtakumbuka kwamba nilifika shuleni wiki mbili baada ya wenzangu, mkadhani nilikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa.

Gari lilikokotwa hadi Nyahururu kwenye gereji ya mjomba wangu. Mjomba alipokwisha kusikiliza kisa chote, aliguna kisha akamwambia baba, "Shemeji, krosi mbili na flanji kwa miezi mitatu? Hiyo si bahati mbaya. Hiyo ni hesabu."

PROPELA NI NINI?

Propela ni ule mti wa chuma, aghalabu wenye uwazi ndani kama bomba, unaotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye difu. Giaboksi imefungwa juu kwenye chesisi, ilhali difu iko chini na hupanda na kushuka pamoja na magurudumu kila gari linaporuka shimo. Kwa hiyo propela haiwezi kufungwa moja kwa moja kama msumari. Sharti iwe na viungo vya kupinda, kimoja kila mwisho, mithili ya kiwiko cha mkono.

Kiungo hicho kina uma mbili zinazotazamana, na katikati yake kuna chuma chenye umbo la msalaba. Ndipo jina krosi lilipotoka. Kila mkono wa msalaba huvaa kikombe kidogo chenye beringi za vijiti vyembamba kama sindano. Si uvumbuzi wa jana. Hunasibishwa na Gerolamo Cardano, Mwitaliano wa karne ya 16, na baadaye Robert Hooke wa Uingereza alikichunguza katika karne ya 17. Naam, ni Hooke yule yule tunayemsoma katika Fizikia kwa ajili ya kanuni yake ya springi!

Propela pia ina sehemu ya kuteleza yenye meno, ambapo chuma kimoja huingia ndani ya kingine. Hiyo huiwezesha kurefuka na kufupika difu inapopanda na kushuka.

KOSA LA KROSI

Hapa ndipo penye siri. Mjomba alichukua propela mbovu, akaufunga mwisho mmoja kwa jiliwa, akaipinda kwenye krosi na kuniambia niizungushe kwa mkono polepole. "Unasikia nini?" Nikamwambia inakwenda kwa kusitasita. "Basi hiyo ndiyo inayotikisa gari la babako."

Krosi ikiwa imenyooka, upande unaopokea huzunguka sawasawa na upande unaotoa. Ikipindwa, upande unaopokea hauendi kwa kasi moja. Katika kila mzunguko mmoja hukimbia mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kiasi cha kukimbia na kuchelewa hutegemea pembe, na mtu yeyote mwenye jedwali la kosaini anaweza kukikadiria. Pembe ikiwa digrii 5, tofauti ni kama asilimia 0.4 tu kila upande. Ikiwa digrii 10, ni asilimia 1.5. Ikiwa digrii 20, ni asilimia 6 au zaidi kidogo. Tazameni jambo hili vizuri: pembe ikiongezeka mara mbili, tatizo huongezeka takriban mara nne. Ndiyo maana gari lililoinuliwa "kidogo tu" huweza kuleta balaa kubwa.

Asilimia moja yaweza kuonekana ndogo, lakini propela huzunguka kwa kasi. Tuseme tairi ina kipenyo cha sentimita 75, nayo difu inahitaji propela izunguke mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, propela huzunguka karibu mara 38 kwa sekunde. Kwa kuwa krosi hukimbia na kuchelewa mara mbili kwa kila mzunguko, yapata vipigo 75 kila sekunde. Ni kama kugongagonga chuma kwa nyundo ndogo bila kupumzika kutoka Maralal hadi Baragoi.

Sasa mtauliza, "Mbona magari ya kawaida hayatetemeki na yote yana krosi?" Swali zuri. Jibu ni kwamba krosi ni mbili. Zikipindwa kwa pembe zilizo sawa, na zile uma mbili za propela yenyewe zikiwa zimelala upande mmoja, kosa la krosi ya kwanza hufutwa na kosa la krosi ya pili. Mbele inapokimbia, nyuma inachelewa kwa kiasi kile kile, na difu hupokea mwendo laini. Lakini pembe zikitofautiana, deni halilipiki. Hata zikilingana, propela yenyewe iliyo katikati bado husitasita, na krosi bado hufanya kazi ngumu. Kwa hiyo pembe ziwe sawa, tena ziwe ndogo.

TULIVYOPIMA

Mjomba hana mitambo ya bei ghali. Aliniuliza, "Ile seti yako ya jometri unatembea nayo?" Nikaileta. Tukachukua kipimapembe, tukafunga uzi katikati yake na kuning'iniza nati mwisho wa uzi iwe timazi. Tukaegesha gari mahali pa tambarare, magurudumu yakiwa yamebeba uzito wake. Usipime gari likiwa limening'inizwa kwa jeki, maana ekseli hushuka na vipimo vyote huwa uongo. Propela ilikuwa imerudishwa kwa flanji nyingine kwa muda ili tupime.

Tuligundua hivi. Mhimili wa giaboksi ulikuwa umeinama kuelekea nyuma kwa digrii 2. Propela ilikuwa imeinama digrii 12. Basi krosi ya mbele ilipinda digrii 10, kwani 12 kutoa 2 ni 10. Mhimili wa difu nao ulikuwa umeinama digrii 7, kwa hiyo krosi ya nyuma ilipinda digrii 5 tu. Kumi huku, tano kule! Krosi moja ilikuwa na deni na nyingine haikuwa na uwezo wa kulilipa.

Tukatafuta chanzo. Urefu wa propela kutoka krosi hadi krosi ulikuwa sentimita 90. Kabla ya gari kuinuliwa, krosi ya nyuma ilikuwa chini ya ile ya mbele kwa sentimita 9. Tisa gawanya kwa tisini ni 0.1, na pembe yenye saini hiyo ni karibu digrii 6. Baada ya kuinuliwa sentimita 10, zile 9 zimekuwa 19, na pembe ikawa digrii 12. Hiyo ilikuwa Hesabu ya kidato cha pili, tena mimi nilikuwa kidato hicho hicho! Na ile pua ya difu kutazama juu kupita kiasi ililetwa na shako ndefu. Ukiushusha mwisho wa nyuma wa kamani peke yake, kamani huinama na kuizungusha ekseli pamoja nayo, na pua ya difu huelekea juu.

Kwa hiyo krosi hazikuwa feki. Fundi wa kwanza aliitibu homa bila kutafuta malaria. Na alipotia krosi kubwa, nguvu ile ya kuvunja haikwenda popote, bali ilihamia kwenye kiungo dhaifu kilichofuata, ambacho kilikuwa ghali zaidi na cha hatari zaidi.

TIBA

Mjomba alimweleza baba njia tatu. Ya kwanza ni kuweka kabari za chuma kati ya kamani na ekseli ili kuirudisha pua ya difu chini hadi pembe zilingane. Hiyo ingeondoa mtetemo, lakini krosi zote mbili zingebaki na digrii 10.

Ya pili ni kubadilisha kiungo cha mbele na kuweka krosi pacha, yaani krosi mbili zilizoshikana zikigawana pembe, kila moja nusu, na kufutiana makosa hapo hapo. Kiungo hicho ni kizuri pale ambapo pembe kubwa haiepukiki, kwa mfano kwenye propela fupi. Ila kina sharti lake. Kwa kuwa kimekwisha kujisawazisha chenyewe, pua ya difu lazima ielekezwe moja kwa moja kwenye propela, ili krosi ya nyuma isipinde karibu kabisa. Anayenunua krosi pacha na kuiacha difu ilivyokuwa amenunua tatizo jipya kwa bei ya juu.

Ya tatu ndiyo iliyomshangaza baba. Mjomba alimuuliza, "Shemeji, ulitaka kuinua nini hasa?" Baba akajibu, "Si difu isigonge mawe!" Mjomba akacheka. "Basi kuinua kamani hakujainua difu hata unywele mmoja. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli inakalia magurudumu. Kilichoinua difu ni zile tairi kubwa. Kamani imeinua bodi tu."

Nilipigwa na butwaa. Kumbe nusu ya urefu wote ule tuliokuwa tukiringia ilikuwa bure! Kilichohitajika ni nafasi ya kutosha tairi kubwa zisikwaruze bodi, na sentimita 5 za kamani zilitosha. Mjomba akaondoa shako ndefu akarudisha fupi. Gari likashuka sentimita 5, na pua ya difu ikarudi mahali pake. Tulipopima tena, propela iliinama digrii 9, na krosi zote mbili zilipinda digrii 7. Saba huku na saba kule.

Baada ya pembe kurekebishwa ndipo tulipozungumza juu ya kuimarisha viungo. Tuliweka flanji mpya, na krosi za aina nzuri zenye nipo ya kutilia grisi. Tukahakikisha uma za propela zimelala upande mmoja. Tukaangalia kama ile sehemu ya kuteleza imeingiliana vya kutosha, kwani gari likiinuliwa propela huvutwa nje. Mwisho, mjomba akafunga mkanda wa chuma kuizunguka propela karibu na mwisho wa mbele, ili ikikatika siku moja isianguke na kuchimba ardhi.

TAHADHARI KWA WENYE HAMU

Kabla sijafunga makala haya, ningependa kuwaachia mawaidha machache niliyoyapata gerejini.

Kwanza, kabla ya kufungua propela, weka mawe au magogo kwenye magurudumu. Propela ikitoka, kuliacha gari kwenye gia hakulizuii tena. Tena magari fulani, kama Land Rover nyingi za zamani, breki yao ya mkono hushika propela yenyewe. Ukiitoa propela umeitoa na breki!

Pili, tia alama kwa rangi au patasi kabla ya kuitenganisha propela, ili kila jino lirudi lilipokuwa. Ukikosea jino moja tu, zile uma hazitalingana, na mtetemo utarudi hata kama pembe ni sawa.

Tatu, baadhi ya magari, kama Land Rover Discovery za miaka ya 1990, yana duara la mpira mwishoni mwa propela ya nyuma badala ya krosi. Mpira huo hulainisha mwendo lakini haupendi pembe kubwa. Gari kama hilo likiinuliwa, wengi huuondoa mpira na kuweka propela yenye krosi pande zote.

Nne, usichanganye viungo vya propela na vile vya magurudumu ya mbele. Gurudumu la mbele hukata kona kwa pembe kubwa, na hapo hutumika kiungo cha magololi kisichosita, kilichobuniwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, mwaka wa 1926. Hicho nacho kina mipaka yake gari linapoinuliwa.

Tano, sikiliza gari. Mlio wa "tik, tik" unapoanza kuondoka, unga mwekundu wa kutu kando ya vikombe vya krosi, au mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani, hizo zote ni salamu. Mwitikie mapema.

Tangu Aprili 2023 hadi ninapoandika makala haya, krosi ni zile zile. Kila nifikapo nyumbani likizo, kazi yangu ya kwanza ni kuingia chini ya gari na bomba la grisi. Utingo hunicheka akiniita "profesa wa krosi." Ninamwacha anicheke, kwani ndiye aliyetupa lile jiwe nyuma ya tairi.

Kwa hiyo, mwenzangu, siku utakapopata gari lako na ukatamani liwe refu, muulize kwanza fundi wako: pembe zitakuwa digrii ngapi mbele, na ngapi nyuma? Akikujibu kwamba atakutilia krosi kubwa, mshukuru kwa adabu, kisha utafute fundi mwingine mwenye kipimapembe.